Gari la zamani limegoma kwenye njia ya dragi: anza na karatasi ya muda

Gari la zamani likikuangusha kwenye mbio za dragi (mbio fupi za njia iliyonyooka), mkono wa kwanza hukimbilia kabureta. Uzuie. Kabla ya kushika bisibisi, shika ile karatasi ya muda uliyopewa baada ya kukimbia. Imeandika gari lilipoteza muda wapi, na hapo ndipo panapokuonyesha mfumo wa kuchunguza. Maelezo haya yanahusu magari yenye kabureta, distribyuta na ekseli nzima ya nyuma, hasa V8 za Marekani za miaka ya 1960 na 1970, ila mengi yatafaa kwa gari lolote la zamani la namna hiyo.

Karatasi inasema nini

Njia kamili ina mita 402. Saa hunasa muda kwenye mita 18 (futi 60), mita 100, mita 201, mita 305 na mwisho, na kasi hupimwa kwenye mita 20 za mwishoni. Muda wa kuitikia taa ni wa dereva, usiuhesabu kwenye ugonjwa wa gari. Chukua karatasi ya mbio zako nzuri za siku hiyohiyo, ziweke sambamba.

Muda wa mita 18 ukiwa umeharibika lakini kasi ya mwisho ni ileile, injini yako ni nzima. Gari limeshindwa kuondoka: matairi yanateleza, springi zinajikunja, klachi inasota, au injini inakohoa mguu unapogonga chini. Na sehemu moja ya kumi ya sekunde ikipotea hapo, mwishoni huonekana kama sehemu moja na nusu hadi mbili za kumi, kwa hiyo usishangae mwendo mzima ukionekana mbovu wakati kosa ni la mita chache za mwanzo.

Mita 18 zikiwa nzuri lakini kasi ya mwisho imeshuka kwa kilomita tano au zaidi, hapo nguvu ndiyo imepungua. Tafuta petroli, cheche, au valvu. Na kama kila kitu kilikuwa sawa hadi mita 201 halafu gari likalegea, ama bakuli la petroli la kabureta linakauka, ama cheche inakatika kwenye resi kubwa, ama gia ya juu inateleza.

Kuna hali moja isiyo ugonjwa. Jua likipanda, hewa hupungua uzito na kila gari uwanjani huwa zito kidogo. Namba zote za karatasi zikisogea pamoja, kidogo kidogo, na jirani zako nao wamesogea, funga boneti ukanywe maji.

Dakika tano kabla ya kufungua kitu

Weka vizuizi kwenye magurudumu, kizima moto kiwe karibu, mfuniko wa rejeta usiguswe wakati injini ina moto. Kisha zima injini, mtu akae ndani akanyage mafuta hadi sakafuni, wewe uchungulie kabureta. Vipepeo vyote (vibamba vinavyofungua njia ya hewa) vimesimama wima? Usimwambie avute kwa mkono chini ya boneti, akanyage kwa mguu, kwa sababu kapeti iliyokunjamana, waya uliolegea au mkono wa pedali uliopinda hauonekani kwa njia nyingine. Gari nyingi zilizokuwa "hazina nguvu" zilikuwa zinafungua robo tatu tu. Hakikisha pia springi za kurudisha mafuta ni mbili na zote zinavuta. Ya pili ndiyo itakayokuokoa ya kwanza ikikatika.

Halafu pitisha mkono: waya za plagi zimeingia hadi mwisho, kofia ya distribyuta haichezi, mpira wa vakyumu haujachomoka, waya wa eathi kati ya injini na bodi umekazwa. Nusa. Petroli mbichi, oili iliyoungua, klachi, raba, kila kimoja kina harufu yake na kila kimoja kinakupeleka pengine.

Inakohoa au inazama pale pale mwanzoni

Hapa pana mengi, kwa sababu dalili moja ina sababu mbili zinazopingana. Injini ikipata petroli kidogo mno wakati vipepeo vinafunguka ghafla, husita na mara nyingi hupiga "pa!" kupitia juu ya kabureta. Ikipata nyingi mno, huzama kwa uzito na kutoa moshi mweusi nyuma. Mtu aliyesimama nyuma ya mstari atakuambia ni ipi. Ukiwa ndani huwezi kuona.

Kwa ile ya kwanza, tazama pampu ya eksileta. Injini imezimwa, ondoa chujio la hewa, angalia ndani ya koo la kabureta huku ukisogeza mkono wa mafuta polepole sana. Michirizi miwili ya petroli inatakiwa ianze mara tu mkono unapotikisika. Ukiusogeza milimita kadhaa ndipo mchirizi uje, hapo ndipo injini inapokohoa. Kwenye kabureta ya Holley, kaza boliti yenye springi kwenye mkono wa pampu mpaka nafasi iishe, kisha fungua mafuta yote na ujaribu kusukuma mkono wa pampu chini zaidi kwa fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi): kubaki na nafasi ya milimita 0.38 ni sawa. Isipobaki nafasi kabisa, diaframu inabanwa na itapasuka. Mchirizi ukiwa mmoja, au umepinda na kugonga ukuta, tundu limeziba. Toa nozeli, ipulize kwa hewa, usiingize waya wa chuma.

Moshi mweusi una mambo yake. Kwanza kimo cha petroli ndani ya bakuli. Holley nyingi zina skrubu ndogo ya shaba ubavuni mwa bakuli. Gari likiwa sehemu tambarare na injini ikinguruma taratibu, shika kitambaa chini yake uifungue. Petroli inatakiwa ifike ukingo wa chini wa tundu, ukitikisa gari idondoke tone. Ikimwagika yenyewe, kimo kimepanda: shusha floti (kiboya cha ndani ya bakuli) kwa nati iliyo juu, ukilegeza skrubu ya katikati kwanza. Ikiendelea kupanda baada ya kushusha, ama kuna uchafu chini ya sindano, ama floti imeingia petroli, ama pampu inasukuma kwa presha ya zaidi ya psi 7 au 8 na sindano inashindwa kuizuia. Zima injini kabla petroli haijafika kwenye manifoldi yenye moto.

Pili, ile inayoitwa pawa valvu, inayoongeza petroli injini inapobeba mzigo. Kwenye kabureta za zamani, mlipuko mmoja wa kurudi nyuma unaweza kuipasua, na tangu hapo petroli inavuja ndani ya injini muda wote. Jaribio lake ni la nusu dakika: injini ikinguruma taratibu, kaza skrubu za mchanganyiko hadi mwisho. Injini nzima ingezimika. Yako ikiendelea kunguruma kama hujaigusa, pawa valvu ni mshukiwa wa kwanza.

Kuna gari jingine linaloondoka vizuri kisha linazama baada ya mita kama kumi, na kila kipimo uwanjani ni sahihi. Kwenye Holley ya mabakuli mawili, jeti za bakuli la nyuma ziko ukuta wa mbele. Gari likiruka, petroli yote inakimbilia nyuma na jeti zinabaki hewani. Dawa ni mirija midogo ya kurefusha jeti pamoja na floti iliyokatwa pembe ili isiigonge mirija. Ukiwa huna, pandisha kimo cha bakuli la nyuma kidogo tu kwa siku hiyo, na uondoke kwa resi ya chini zaidi.

Nguvu inakatika mbele ya safari

Usikisie kama petroli inafika. Funga geji ya presha kwenye bomba la kabureta, iwe nje ya kioo cha mbele ambapo unaweza kuisoma, kamwe bomba la petroli lisipite ndani ya gari. Kwa mwendo wa kawaida utaona psi 5 hadi 7. Ikishuka chini ya 3 au 4 ukiwa gia ya mwisho, bakuli linakauka. Kupima wingi, chomoa bomba kwenye kabureta, lielekeze kwenye kopo la chuma mbali na ekzosi, chomoa waya wa koili, mtu apige stata. Pampu ya kimakanika yenye afya hutoa karibu nusu lita kwa sekunde 30 hivi. Presha nzuri na wingi mdogo ni alama ya kitu kilichoziba.

Vinavyoziba vina mpangilio wake. Chujio dogo lililojificha nyuma ya nati ya kuingilia petroli kwenye kabureta, ambalo wengi hawajui kama lipo. Rochester Quadrajet inalo. Mpira mfupi karibu na tanki uliopasuka nyufa nyembamba: hauvuji, kwa sababu uko upande wa kunyonya, bali unaingiza hewa. Mfuniko wa tanki usiopumua: kimbia mara moja ukiwa umeulegeza kidogo tanki likiwa si la kujaa, na kama gari limepona, umepata. Na usikimbie na tone chini ya tanki.

Petroli ikiwa sawa, nenda kwenye cheche. Kwenye gari lenye pointi (swichi ndogo ndani ya distribyuta inayokata umeme wa koili), kosa linalokuja taratibu ni hili: kile kipande cha plastiki kinachosugua kamu kinaisha, pengo linafumba, na pengo likifumba taimingi (wakati wa cheche kuruka) inarudi nyuma yenyewe. Hakuna aliyegusa kitu, lakini gari linazidi kuwa zito wiki hadi wiki. Kwa V8 za GM (General Motors) pengo ni milimita 0.40 hadi 0.48, na dweli, yaani nyuzi ambazo pointi hubaki zimefunga, ni 30. Ukipima dweli ni bora kuliko fila geji, kwa sababu pointi zilizotumika zina vilima na mashimo. Weka dweli kwanza, taimingi baadaye. Ukifanya kinyume utarudia kazi, maana kila nyuzi moja ya dweli inasogeza taimingi kwa nyuzi moja.

Gari likipiga misi juu ya mizunguko 5000 tu, springi ya pointi imechoka na pointi zinarukaruka bila kufunga. Misi ya namna hiyo haitoki kwa kubadilisha plagi. Plagi zenyewe, pengo milimita 0.9 linafaa kwa mifumo mingi ya zamani. Ukilifumba hadi 0.75 na misi ikatoweka, plagi hazikuwa na kosa, cheche ndiyo dhaifu: koili, kondensa, au umeme mdogo unaofika kwenye koili.

Taimingi ipime ikiwa imefika mwisho wake, si ikiwa taratibu tu. Chomoa na uzibe mpira wa vakyumu, panda hadi mizunguko kama 3000, na kwa Chevrolet ya small block (V8 yao ndogo) utegemee jumla ya nyuzi 34 hadi 36. Ikiganda kwenye 20, vile vizito chini ya rota vimeshika kutu. Ikionekana namba ya ajabu kabisa, huenda alama yenyewe inadanganya: pete ya nje ya puli ya krenkishafti imekaa juu ya raba, na raba ya miaka 50 huteleza. Hakikisha nafasi ya juu ya pistoni ya silinda namba 1 kabla ya kuliamini lile alama.

Waya nazo. Silinda mbili zilizo jirani na zinazofuatana kwenye mpangilio wa kuwaka haziwezi kulazwa waya sambamba. Moja huamsha nyingine kabla ya wakati. Kwenye Chevrolet (1-8-4-3-6-5-7-2) ni 5 na 7. Kwenye Ford 289 na 302 za zamani (1-5-4-2-6-3-7-8) ni 7 na 8. Zipishanishe, zitenganishe sentimita kadhaa. Giza likiingia, fungua boneti injini ikinguruma: waya mbovu utauona unawaka buluu.

Inawaka kwa stata, ukiachia ufunguo inazima

Hii ina jibu moja karibu kila mara. Magari mengi ya pointi, na Chrysler za miaka hiyo hata zenye mfumo wa elektroniki, hupitisha umeme wa koili kwenye rezista ya balasti, kile kipande cha kauri chenye waya mbili au nne kwenye ukuta wa injini. Wakati wa stata koili hupewa umeme wa moja kwa moja, kisha hurudishwa kupitia rezista. Rezista ikikatika, injini inawaka na kuzima papo hapo. Beba ya akiba, ni ndogo kama kiberiti. Usiipite kwa kipande cha waya ili umalize siku: pointi zitaungua na koili itachemka.

Inateleza, inaruka, inapiga "do!"

Kishindo kimoja wakati wa kuondoka hutoka kwenye krosi za propela au mauntini za injini. Krosi zishike kwa mikono miwili na uzungushe pande tofauti. Kucheza kokote ni kingi, na vumbi jekundu la kutu kwenye vikombe linatosha kuzibadilisha. Mauntini zijaribu hivi: breki zote zimefungwa, mtu akanyage breki kwa nguvu, aweke gia, aongeze mafuta kidogo, wewe usimame pembeni kabisa, kamwe usisimame mbele ya gari. Injini ikiinuka upande mmoja zaidi ya sentimita mbili hivi, raba imeachana na chuma. Si dogo. Mauntini ikikatika injini huinuka na kuvuta mkono wa mafuta, gari likabaki limefunguka. Mwaka 1971 General Motors iliwaita wenye Chevrolet karibu milioni 6.7 kwa sababu hiyohiyo, na dawa iliyofungwa ilikuwa waya wa kuizuia injini isiinuke.

Ekseli ikirukaruka huku matairi yakipiga lami, springi za bapa zinajikunja umbo la S. Angalia kwanza boliti za U kama zimekaza, bushi za mbele, na shokapu. Presha ya matairi ya nyuma pima yakiwa ya baridi, shusha psi 1 au 2 kwa mara, na andika. Tairi la kawaida la radia lina kikomo. Lisishushwe hadi ukuta wake uanze kukunjana.

Gia otomatiki ikiteleza, pima oili ya gia injini ikiwa imewaka na ina joto. Torqueflite za Chrysler hupimwa kwenye neutral, za GM kwenye park. Oili ya kahawia yenye harufu ya kuungua maana yake bendi na diski zimeanza kuisha, na hakuna marekebisho ya uwanjani. Lakini TH350 na TH400, gia otomatiki za GM, zina modyuleta ya vakyumu: chomoa mpira wake, ukiona oili nyekundu ndani, diaframu imepasuka. Injini inavuta oili ya gia na kuichoma, moshi mweupe unatoka, na gia zinabadilika kwa kuchelewa na kwa kishindo. Boliti moja, dakika kumi.

Umekosa gia na resi imepaa

Usiondoke tena kabla hujasikiliza. Mlio wa "tiki-tiki" na misi ya silinda moja ni pushirodi iliyopinda. Fungua kifuniko cha valvu, zungusha injini kwa mkono, tazama kila roka: inayopanda kidogo kuliko wenzake ndiyo. Toa pushirodi, izungushe juu ya kioo. Kabla ya kuweka nyingine pima kompresheni: plagi zote nje, mafuta yamefunguliwa yote, mapigo matano kwa kila silinda. Ya chini isiwe pungufu ya asilimia 75 ya ya juu. Iliyo chini itilie kijiko cha oili, pima tena. Ikipanda ni ringi, isipopanda valvu imepinda au gasketi imekufa, na siku imeisha.

Haiwaki ikiwa na moto

Baada ya kurudi, joto la injini hupanda hadi bakuli la kabureta na petroli huchemka na kumwagikia kwenye manifoldi. Usipige pampu. Kanyaga mafuta hadi chini, shikilia, piga stata mpaka ishike. Fungua boneti mara tu unapoegesha, na spesa ya mbao au ya fenoli chini ya kabureta husaidia sana.

Ikiwa stata yenyewe inazunguka kwa uchovu, pima betri: volti 12.6 ikipumzika, isishuke chini ya 9.6 wakati wa stata. Betri ikiwa nzima, stata iliyo jirani na heda (mabomba ya ekzosi) imepikwa. Weka kinga ya joto, na badilisha waya wa eathi kwa mnene zaidi.

Ya kupandisha kwenye trela

Presha ya oili ikishuka chini ya psi 10 kwa kila mizunguko 1000, usibishane na geji kabla ya kuhakikisha kwa geji ya pili. Itazame hasa wakati wa kufunga breki mwishoni: bakuli la oili lenye kina upande wa nyuma hukauka hapo, oili ikikimbilia mbele. Vumbi la chuma linalong'aa kwenye oili, mlio mzito wa kugonga chini, petroli inayovuja, au pedali ya breki inayozama polepole ukiishikilia, yote hayo ni mwisho wa siku. Magari mengi ya Marekani ya kabla ya 1967 yana saketi moja ya breki: mpira mmoja ukipasuka, hubaki na kitu.

Ikibidi gari livutwe na ni la gia otomatiki, inua magurudumu ya nyuma au fungua propela kwanza, maana pampu ya oili ya gia huzungushwa na injini, na injini ikiwa imezimwa gia hukauka barabarani.